Pini Mdomoni

Tarehe 4 Februari

Mpwa wangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kama nywele za kichwa. Nywele zako lakini, maana zangu sasa mtu anaweza kuzihesabu akiwa amesimama upande wa pili wa barabara. Mimi ni mzima. Mgongo unalalamika, nimeuambia usubiri zamu yake, mbele yake kuna goti. Mke wangu anakusalimu, anasema umemsahau, nami nimekutetea. Yule kuku wetu mweusi mkali amekufa. Kwa heshima yake tulimla siku hiyohiyo.

Barua yako ilikaa siku tisa kwa karani wa kiwanda kabla hajakumbuka kwamba nipo. Nimeisoma mara tatu. Unasema ile sinema yetu ya Mchota Maji bado inaishi, kwamba umeikuta ndani ya simu yako, na kwamba watu wa nchi ambazo hata ramani imezisahau wanaandika maoni yao juu yake. Nilicheka mpaka mke wangu akaja kuona nimepatwa na nini.

Mpwa wangu, unamjua aliyeifanya ile sinema ikawa sinema? Ilikuja kwangu ikiwa kanda yenye ukungu, watu wote humo wanasema Kichina. Nani angekaa kwenye benchi lisilo na mgongo kusikiliza Kichina saa moja na nusu? Waliojaa kwenye kibanda changu cha video hawakuja kumwona Mchota Maji, walikuja kumsikia Radi. Mimi na maikrofoni yangu iliyofungwa utepe wa umeme, nilisema kwa niaba ya bwana, ya adui, ya farasi, hata ya upepo. Watu wanasema mwenye macho haambiwi tazama. Basi mimi niliwaambia watazame, wakatazama, na wakarudi kesho. Kichina chenyewe nilijifunza kwa kuangalia midomo tu. Shule niliacha darasa la tano kwa sababu mwalimu aliishiwa la kunifundisha.

Kwa hiyo niandikie maoni yao yote. Usichuje.

Lile jambo lingine uliloniomba, kwamba nije kumwona baba yako kabla macho yake hayajafunga kabisa, na nimwambie lile neno, nimelisoma pia. Lakini huko ni siku mbili kwa basi, na mimi hapa ndiye msimamizi mkuu wa usalama wa kiwanda cha unga. Bila mimi hakiingii kitu, hakitoki kitu. Tutaliongea.

Mjomba wako,
Radi


Tarehe 27 Februari

Shikamoo Mjomba,

Sisi tupo, tunashukuru. Mpe pole mkeo kwa kuku. Kazi yangu ya dobi hospitalini ni ileile, mashuka mia tatu kwa siku, na mikono yangu imekuwa kama nimeiazima kwa mtu mzee kuliko mimi. Ningependa kuandika hapa kwamba Baba anakusalimu.

Daktari amesema macho yake yanaziba kuanzia pembeni. Sasa anaona kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. Anasema kabla ya mwaka kwisha patakuwa giza. Baba alimsikiliza, akauliza kama koti lake jeupe lilishonwa hapahapa mjini, maana mabega hayakukaa vizuri. Basi. Hajalizungumzia tena. Anaendelea kukaa kwenye cherehani kila asubuhi, uzi anautia kwenye sindano kwa ulimi na kubahatisha. Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu chumba chetu ni kimoja, na kadiri macho yake yanavyopungua ndivyo masikio yanavyoongezeka.

Haya, maoni. Nimeyageuza mwenyewe kwa lugha yetu.

Mmoja ameipa nyota mbili kati ya tano. Anasema: "Kisasi dakika ishirini, kuchota maji dakika sabini. Nilimaliza nikiwa na kiu."

Mwingine amehesabu ngazi za mlimani, zile ambazo bwana wake Mchota Maji anasema ni elfu moja. Yeye anasema ni ngazi thelathini na nne tu zinarudiwarudiwa, maana moja ina ufa na ufa ule unapita mbele yetu kila wakati.

Yupo anayedai kwamba sharubu za Kijiti, yule adui, zinadondoka katikati ya pigano na baadaye zinarudi zenyewe.

Mama mmoja anasema aliitazama kila Jumapili na baba yake, mpaka baba yake alipofariki, na hadi leo ndoo inapopasuka anazima runinga.

Lakini wengi wanagombana kuhusu mwisho. Unakumbuka: mtu mmoja wa ndani aliwafungulia maadui lango la shule ya mapigano, bwana aliyewafundisha akauawa. Mchota Maji anamtafuta Kijiti miaka ishirini kwa sababu hiyo. Anamkuta ameshazeeka, kile kijiti chake bado kipo mdomoni. Wanapigana. Kijiti anaanguka, anafungua mdomo aseme kitu, kijiti kinadondoka, na picha inaganda hapohapo. Watu zaidi ya mia nne wanabishana alitaka kusema nini.

Mjomba, sikukuandikia kwa ajili ya sinema tu. Njoo wakati bado anaweza kuuona uso wako. Neno lenyewe ni fupi.

Mpwa wako


Tarehe 2 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Huku mvua imeanza, paa langu linajua nyimbo zake zote. Mke wangu ana kikohozi ila anaweza kunigombeza bila kupumzika, kwa hiyo sina wasiwasi.

Maoni nimeyasoma, nikamsomea na karani, akacheka hadi akakosea hesabu ya magunia. Sasa majibu yangu, na uyatume huko kama yalivyo.

Huyo mwenye kiu mwambie aende akanywe. Kuchota maji ndiyo sinema yenyewe. Kupiga mtu hata mlevi anaweza.

Huyo mhesabu ngazi ni mtu hatari, asiachwe peke yake na furaha ya wengine.

Sharubu ni kweli zinadondoka. Wao wameona leo, mimi niliona siku ya kwanza! Nikasema palepale: "Tazameni, dhambi imekuwa nzito hata sharubu zimemkimbia!" Na ziliporudi nikasema: "Zimemhurumia." Watu walipiga makofi mpaka mabati mawili yakalegea.

Nadhani sijawahi kukuambia siku umeme ulipokatika. Ilikuwa mchana, kibanda kimejaa, Mchota Maji yupo ngazi ya mia saba. Giza! Watu wakaanza kunyanyuka. Nikasema, kaeni. Nikaendelea bila picha na bila maikrofoni, kwa koo hili hili, dakika arobaini. Hakutoka mtu. Mwanamke mmoja alizirai niliporusha lile teke la pepo saba. Umeme uliporudi, picha ilikuwa palepale nilipofika mimi. Palepale! Ukimwuliza mtu akasema siyo kweli, huyo hakuwepo.

Na hao mia nne wanaobishana Kijiti alitaka kusema nini, si wangeniuliza? Alisema: "Nisamehe, ni mimi niliyefungua lango." Nilimsemesha hivyo mara mia mbili, na hakunikanusha hata siku moja.

Kuhusu baba yako. Yaliyosemwa siku ile yalikuwa ya sinema. Mtu mzima akitazama sinema akajiona yeye humo ndani, kosa ni la nani? Msalimie, ukiona inafaa. Ukiona haifai, acha.

Mjomba wako,
Radi


Tarehe 19 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Poleni na kikohozi. Hapa joto limezidi, mashuka yanakauka kabla hatujayaanika vizuri. Baba alianguka kidogo kwenye kizingiti, si kitu kikubwa, goti tu.

Umesema nikiona inafaa nimsalimie. Nimebeba salamu hiyo siku nne, sijapata mahali pa kuitua.

Mjomba, mimi nilikuwepo siku ile. Nilikuwa na miaka kumi na minne, nimejificha nyuma ya benchi la mwisho nikiwa na sare ya shule. Kibanda chako kilikuwa kimepigwa kufuli na ofisi ya mtaa kwa miezi mitatu, kwa sababu kuna mtu alikwenda kulalamika. Siku ya kufungua tena ukaweka Mchota Maji, watu wakajaa hadi mlangoni. Ulikuwa umemwekea Baba nafasi benchi la tatu, kama siku zote. Alikuja mbio kutoka kwenye cherehani, futi ya kupimia shingoni, pini mdomoni.

Badala ya kumwita Kijiti, ukamwita Pini. Ukasema kwenye maikrofoni: "Tazameni! Pini huyo anafungua lango! Jirani yenu, amekula sahani moja na mwenye nyumba, halafu anakwenda kuwaita maadui ofisini!" Kwenye sinema ile hakuna ofisi, Mjomba. Kibanda kizima kikageuka kumtazama.

Alisimama. Alitaka kujibu, lakini mdomo ulikuwa umejaa pini. Akaanza kuzitoa moja moja, akizichoma kwenye mkono wa shati. Zilikuwa saba. Nilizihesabu. Watu wakicheka kwa kila moja. Mdomo ulipokuwa mtupu, akatoka.

Kesho yake watoto walikuwa mlangoni: "Pini, Pini, fungua lango!" Shule ikapeleka sare zake kwa fundi mwingine. Kabla ya mwaka kwisha tukahamia huku. Tangu siku ile hajaweka pini mdomoni tena. Huzichoma mkononi mwa shati, na sasa asivyoona hujichoma mwenyewe. Naona damu kwenye vitambaa vya watu.

Wiki iliyopita, akiwa amenipa mgongo, aliniuliza: "Ile sinema ya ndoo, iliishaje?" Unakumbuka hakuwahi kuuona mwisho, kila mara alirudi mapema kwenye cherehani, na siku ile alitoka katikati. Nikamwambia nimesahau.

Kuna maoni mapya, nakuandikia kama yalivyo. "Nimeitazama mara tisa. Hakuna mahali tunapomwona Kijiti akifungua lango. Tunaonyeshwa mkono tu gizani. Kwamba ni yeye, tunaambiwa."

Mpwa wako


Tarehe 30 Juni

Mpwa wangu,

Natumaini goti la mzee limepona. Sisi tu wazima kwa kiasi. Barua yako nimeitembeza mfukoni mpaka imekatika kwenye mikunjo, sasa ni barua nne ndogo.

Umeniandikia kama hakimu. Sawa, na mimi nijitetee. Wiki ile kibanda kilipopigwa kufuli, baba yako alionekana ofisini. Si mara moja, mara mbili, kofia mkononi. Muuza mkaa alimwona, na yule mwenye mguu mmoja pia alimwona. Alikwenda kufanya nini? Na mimi ndiye niliyekuwa nikimwekea benchi la tatu, mtu wa dada yangu, anakaa bure, anakula karanga zangu! Miezi mitatu, mpwa wangu. Panya walikula waya wa spika. Tulipofungua, watu walijaa siku ile moja, halafu wakazoea kukaa kwao. Baada ya mwaka nikauza mabenchi. Niliyasema yale nikiwa nimeumia. Ulimi hauna mfupa.

Huyo aliyeitazama mara tisa asitufundishe kazi. Tunaambiwa! Ndiyo, mimi ndiye niliyekuwa nikiambia.

Sasa nikuambie jingine na usilisambaze. Nilikuandikia kwamba mimi ni msimamizi mkuu wa usalama. Mimi ni mlinzi wa lango. Lori likipiga honi nafungua, likipita nafunga. Mara sitini kwa siku, vumbi la unga kwenye nyusi, mtoto wa juzi ananiita "we mzee wa geti". Ucheke tu, na mimi nimecheka. Huwa nasimama pale na ule mnyororo mkononi nikijiuliza hivi nani aliandika sinema hii.

Kwenye msiba wa mama yako, yeye alisimama upande ule wa kaburi na mimi upande huu. Nilisubiri aseme kitu. Sasa nafikiri na yeye alikuwa akisubiri. Tukaondoka kila mtu na udongo wake kwenye viatu.

Nimechoka. Zamani uongo ulikuwa unanipa nguvu, siku hizi hata wenyewe unanichosha.

Mjomba wako


Tarehe 14 Julai

Shikamoo Mjomba,

Leo sina habari za nyumbani isipokuwa moja, na hiyo Baba alinikataza kukuambia. Nimemtii miaka miwili. Leo simtii.

Aliyekwenda ofisini kulalamika ni Mama. Dada yako.

Mwalimu alikuwa amemwita akamwambia nimekosa shule siku ishirini na sita. Zote nilikuwa kibandani kwako, nyuma ya benchi la mwisho, nikimtazama Mchota Maji. Mama hakutaka wakufungie. Alikwenda kuomba tu waweke amri, mtoto mwenye sare asiingie. Wao wakaja na kufuli. Aliogopa sana, Mjomba. Alisema ukijua hutamsamehe, mtu aliyekubeba mgongoni.

Baba alionekana ofisini mara mbili, ni kweli. Alikwenda kuwasihi wafungue. Mara ya pili alimshonea suruali yule bwana mkubwa wa pale, bure, ndipo wakakubali. Jioni ile ya pini Mama alitaka kuja kwako aseme ukweli. Baba akamwambia: "Mimi nitapata mtaa mwingine. Wewe huwezi kupata kaka mwingine."

Mama aliniambia haya wiki moja kabla hajafa. Pale kaburini Baba hakuwa akisubiri useme. Alikuwa akiogopa usije ukauliza.

Mpwa wako


Tarehe 20 Septemba

Shikamoo Mjomba,

Sijapata barua. Labda karani ameisahau.

Jumanne Baba aliniuliza kwa nini sijafungua dirisha. Lilikuwa wazi. Nikamwambia. Akasema, "Haya, basi." Cherehani tumeifunika kwa shuka.

Mpwa wako


Tarehe 11 Oktoba

Mpwa wangu,

Karani hakusahau. Ni mimi. Barua ya Julai niliisoma nimesimama langoni, na lori lilipiga honi mpaka dereva akashuka kujifungulia mwenyewe. Nimeanza kukujibu mara nyingi, na kila mara nilijikuta naandika habari za kiwanda.

Dada yangu simlaumu. Alitaka mtoto wake asome. Angekuja kwangu angenikuta na maikrofoni mkononi, na ningemfanyia mzaha mbele ya watu. Alinijua, ndiyo maana akaenda ofisini.

Nimechelewa, macho yamefunga. Umenisihi tangu mwanzo wa mwaka na mimi nikakaa nabishana na mhesabu ngazi. Sasa fanya hivi. Yanayofuata si yako. Msomee fundi, polepole, na penye nukta pumzika.

Shemeji, ni mimi. Mpwa wangu ameniambia uliuliza ile sinema iliishaje. Nimemwomba karani simu yake, nikaitazama yote kwenye kibanda cha lango, nimefunga mdomo. Ni mara ya kwanza. Nimegundua sijawahi kuiona.

Ni asubuhi, ukungu upo chini ya mlima. Kijiti amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba yake anamenya vitunguu. Mchota Maji anapanda na ndoo mbili, mti wa kuzibebea begani. Anafika, anazitua. Kijiti anamwona, wala hashtuki. Anamaliza kitunguu alichoshika, anakiweka na wenzake, anajifuta mikono. Hapo mimi nilikuwa napiga kelele kila siku, sikujua kama kuna vitunguu.

Wanapigana dakika kumi na moja. Mzee anapigana kama mtu anayefukuza nzi, hataki kumwumiza mtu. Sharubu zinadondoka, ndiyo. Kijiti hakidondoki. Mchota Maji anapiga kwa mti, anakosa, anapasua ndoo yake mwenyewe. Maji yanashuka ngazi moja moja. Picha inayafuata maji, inawaacha wao. Yanafika chini kabisa. Ni ngazi thelathini na nne, nimehesabu, yule mtu ni mkweli.

Picha inaporudi juu mzee ameshaanguka. Anamtazama kijana. Anafungua mdomo. Kijiti kinadondoka. Picha inaganda.

Hapa ndipo nilipokuwa nikisema kwa niaba yake. Safari hii siweki neno. Sijui alitaka kusema nini, shemeji. Sikuwahi kujua.

Siku ile wewe ulikuwa na pini saba mdomoni na mimi nilikuwa na maikrofoni. Halikuwa pigano la haki. Nimekukosea, na nimekukosea miaka kumi na moja. Nisamehe.

Mlinzi wa lango


Tarehe 2 Novemba

Shikamoo Mjomba,

Nilimsomea Jumapili. Nilimwambia kwanza imetoka kwa nani, ili kama hataki aseme. Alisema, "Soma."

Alikuwa amekaa kwenye cherehani iliyofunikwa, mikono juu ya shuka. Nilipofika kwenye vitunguu alicheka kwa pua. "Radi ananyamaza mpaka mtu amalize kitunguu? Dunia imekwisha." Nilipofika kwenye maji akasema, "Rudia hapo." Nikarudia. Akasema, "Tena." Mwishoni aliomba karatasi yenyewe, akaikunja, akaitia mfuko wa shati. Nilidhani imeishia hapo.

Jana tulikuwa tunakunja mashuka, yeye ananisaidia kwa kushika ncha, ghafla akasema: "Hao watu wa kwenye simu, mtu yeyote anaweza kutoa maoni?"

"Yeyote, Baba."

"Hata asiyeona?"

"Hata asiyeona. Utaipa nyota ngapi?"

Akafikiri. "Tatu."

"Tatu tu, Baba? Sinema ya Mjomba?"

"Ni nzuri. Ile ya maji ni nzuri sana. Lakini yule kijana, miaka ishirini yote ile, ngazi zote zile, hakumwuliza mwenzake hata swali moja." Akavuta ncha ya shuka likanyooka. "Angeuliza kwanza."

Nimeyaandika huko kama alivyosema. Hadi asubuhi watu kumi na mmoja walikuwa wameyapenda, na yule mhesabu ngazi ni mmoja wao.

Mpwa wako


Tarehe 15 Novemba

Shemeji,

Nauliza.

Naweza kuja?

Mimi


Tarehe 29 Novemba

Shikamoo Mjomba,

Baba naye anauliza: utakaa upande gani wa cherehani, kulia au kushoto? Anataka kujua mapema ageuze uso wapi.

Mpwa wako